Hatua Kumi na Mbili za Baba Mdogo

Baba mdogo alianza kuniita wakili siku nilipoajiriwa kuwa karani wa mahakama kule Lushoto, na kila alipolitamka neno hilo mkewe aliziba mdomo kwa kanga. Kazi yangu ilikuwa kuandika tarehe za kesi na kumtafutia hakimu kalamu yake. Lakini nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, nilikuwa na koti, na sikumkatalia.

Shamba letu lilikuwa upande wa Mlola. Mzungu mmoja, akifunga virago karibu na Uhuru, aliwauzia marehemu baba na huyo mdogo wake kwa hati moja yenye majina mawili. Lilianzia kwenye jiwe kubwa mgongoni mwa mlima, likaporomoka kwa mteremko mkali mpaka katikati, kisha likajilaza tambarare. Kijito kiliingia ubavuni, chini kidogo ya katikati. Baba alipofariki, nami nikarithi sehemu yake, serikali ikataka hati zile za zamani za umiliki wa daima zibadilishwe. Baba mdogo akanijia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wakili. Maadamu hati inabadilishwa, izaliwe mbili. Mimi nichukue juu nilikojenga, wewe chini. Nusu kwa nusu. Ila nusu yangu iguse maji. Mama yako mdogo amechoka kupandisha ndoo."

Nikaahidi. Nilinunua kamba ya katani, nikaipiga mafundo kwa vipimo sawa, tukapima kutoka kwenye jiwe hadi mwisho wa tambarare. Kamba niliilaza chini, mteremkoni na kwenye tambarare vilevile. Nikahesabu, nikagawa kwa mbili, nikapanda masale ya mpaka. Mstari ukaangukia upande wa juu wa kijito.

Baba mdogo aliyatazama masale, akakitazama kijito.

"Maji yamebaki kwako."

"Hesabu ndiyo iliyosema, baba."

"Hesabu haina kiu," alisema, lakini akaweka dole gumba kwenye karatasi yangu mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi.

Mpima ardhi alikuja kutoka Tanga na mnyororo wake wa chuma, akaomba mtu wa kushika ncha ya pili. Mimi nilikuwa na koti. Baba mdogo akaushika. Nikaona kwamba yule mpima haulazi mnyororo chini. Aliunyoosha hewani, sawasawa na maji yaliyotulia, wakashuka mteremko kipande kwa kipande, mfano wa mtu anayeshuka ngazi. Mchana akanivuta pembeni, si mbali sana.

"Bwana karani, ulilaza kamba mlimani. Kwenye ramani nusu ya juu ni ndogo. Mpaka ulipaswa kushuka hatua kumi na mbili hivi."

"Ardhi si ile unayoikanyaga?"

"Mgomba unasimama wima, bwana. Mteremko hauongezi migomba. Sasa mawe ya mpaka niyaweke wapi?"

Nikazitazama hizo hatua kumi na mbili. Kijito kilikuwa ndani yake, na kando ya kijito kabichi zangu, zimefunga vizuri kuliko kabichi zozote nilizopata kulima.

"Weka kwenye masale," nikasema. "Tumeshakubaliana."

Kamba niliilaza kwa kutojua. Neno hilo nililisema nikijua.

Hati mbili zikaja na mihuri yake. Baba mdogo aliipokea yake kwa mikono miwili na kunishukuru. Tangu hapo, kila kiangazi, alishuka na ndoo, akasimama kwenye jiwe la mpaka na kupiga hodi kama mlangoni kwa watu.

"Hodi, wakili!"

"Karibu, baba."

Kisha akatembea akihesabu kwa sauti. "Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Aa! Maji haya hapa." Nilidhani ni mchezo wake wa uzee, nikacheka naye. Nadhani ilikuwa kiangazi cha nne, nimeinama kwenye kabichi, nilipoisikia ile kumi na mbili jinsi ilivyosemwa. Nikainuka.

"Baba, ulikuwa unajua."

"Si mimi niliyeshika mnyororo? Na masikio nilikuja nayo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja msomi amalize kusoma."

Nilikwenda ofisi ya ardhi kuomba mpaka usahihishwe. Ofisa akanieleza: hati zote mbili zirudishwe, shamba lipimwe upya, na wapima wote wako kwenye viwanja vya vijiji vya ujamaa. "Nchi nzima inahama," alisema, "na wewe unaniletea hatua kumi na mbili?" Nikarudi tena, na tena. Mwisho niliandika barua ya makubaliano kwa mkono wangu mwenyewe. Barua si hati. Baba mdogo amelala chini ya mlima ule sasa, na ramani bado inanipa mimi maji yake.

Lakini siku ya barua alikuwa mzima sana. Alikataa kuweka dole mpaka tupime upya, kuanzia kwenye jiwe, kamba ikiwa hewani. Akachagua ncha ya juu, akaketi kwenye nyasi na kuiweka kwenye goti.

"Wewe shuka. Nyanyua mikono. Juu zaidi."

Ili kamba inyooke, wa chini lazima ainue ncha yake kupita kichwa. Kila kipande alihamia kwa raha zake na kuketi tena, nami nikashuka mlima mzima mikono juu. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walisimama njiani.

"Karani amekamatwa?"

"Amekamatwa," akajibu baba mdogo. "Lakini anakubali kosa."

Fundo la mwisho lilinifikisha kijitoni, maji yakanipanda hadi juu ya viatu. Mabega yaliniwaka moto. Nikaanza kushusha mikono.

"Nani amekuambia ushushe?" akauliza kutoka juu. "Mama yako mdogo anakuja. Hajaona."