Programu inanijua, lakini sina ruhusa

Leo programu imenitambua kwa jina, kisha ikanifungia mlango.

Mpwa wangu Furaha ndiye aliyeitengeneza, huko Kisangani. Inatunza orodha ya marehemu wa mtaa wetu. Mimi niko Kampala tangu tulipokimbia, na nilitaka kuandika jina la mke wangu, aliyezikwa huku.

Nikaweka neno la siri. Ikajibu: "Karibu, papa Alimasi." Nikafurahi kama mtoto.

Nikagusa "Ongeza jina."

"Huna ruhusa."

Nikampigia Furaha, ambaye huniita Tonton, yaani mjomba.

"Tonton, iko inakujua. Lakini wewe ni mgeni. Wakaaji wa mtaa tu ndio wanaandika."

"Mgeni, mimi?"

"Bon, si ni wewe ulidai sheria hiyo kwenye mkutano wetu wa simu?"

Kweli, ni mimi. Niliogopa watu wa nje wasije wakachezea majina ya wafu wetu.

Nikakumbuka enzi za Zaire, pale kivukoni. Askari wa zamu nilisoma naye darasa moja.

"Alimasi, kadi ya chama iko wapi?"

"Si unanijua?"

"Nakujua sana. Bila kadi hauvuke."

Ng'ambo ya mto walikuwa wakimzika papa, baba yangu mzazi. Sikufika.

"Tonton, nikufungulie kwa siri? Hakuna mutu atajua," Furaha akaniambia kwenye simu.

Nikakataa. Miaka yote nimemchukia askari yule, kumbe sheria yake nimeiandika tena kwa mkono wangu.

Ninyi mliobaki mtaani, nani ataniandikia? Anaitwa Mwamini binti Saleh.