Ukilala, wa Mbali Hakupati

Kaka yangu alikuwa mbishi hata akiwa mgonjwa. Alitoka Kiswere, kwenye kazi yake ya pweza, na kidonda cha unyayo alichokipata mwambani, akaja kwangu Kilwa Masoko na mkewe, akatandikiwa mkeka sebuleni. Sukari alikuwa nayo miaka mingi. Kidonda kilishaanza kunuka, wifi akawa anafukiza udi tangu asubuhi, na hakuna aliyeitaja harufu. Ukimwambia hospitali, anakujibu hakiumi, na kwamba hospitali ndiko watu wanakoacha miguu. Mimi na hasira zangu nilishagombana naye mpaka nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa, nilitaka kumwambia siku moja, nikajiuma ulimi.

Basi nikaleta mchezo. Niliujulia chuoni: mnakaa, kila mtu anajifanya shujaa, mmoja anasimulia na kuwaendesha maadui, na dadu lenye pande ishirini ndilo linaloamua nani kapigwa. Msimuliaji nilikuwa mimi. Kaka alikuwa shujaa wa upanga. Wifi alikuwa mganga, bila kupenda. Aliogopa tutatamkiana vifo kwenye nyumba yenye mgonjwa, akasema mdomo huumba.

Kanuni aliyoipenda kaka ilikuwa moja. Adui mwenye upinde akikulenga toka mbali nawe umejilaza chini, anarusha dadu mara mbili na inahesabiwa namba ndogo, kwa hiyo kukupata ni bahati yake. Lakini akikufikia karibu, pa kukugusa kwa mkono, mambo yanageuka: anarusha mara mbili na inahesabiwa namba kubwa. Kaka aliishika nusu ya kwanza tu. Kila vita, kabla sijamaliza kueleza, shujaa wake kashajilaza. Mishale inapita juu, yeye anacheka mpaka anakohoa.

"Ukilala, wa mbali hakupati," anamwambia mkewe, na wifi anautazama ule mguu uliofungwa kanga.

Alasiri moja nikimbadilishia kitambaa niliona weusi umeshavila vidole vyote. Nikafunga, nikanawa mikono, nikaanzisha mchezo kama kawaida. Nikamweka mpiga mishale mmoja juu ya ukuta. Shujaa akajilaza, mishale ikakosa. Ndipo nikasema adui ameweka upinde chini, ameshuka ukutani, anatembea.

Kaka akalalamika kwamba huyo ni mtu wa upinde. Nikamwambia ana miguu. Nikamkumbusha kwamba shujaa wake akiinuka anapoteza nusu ya mwendo wa zamu ile, ila bado anaweza kukimbia. Akasema analala. Zamu iliyofuata nikamuuliza tena, akasema analala. Wifi alikuwa ameacha kucheza, ameshika tama.

"Yuko wapi?" kaka akauliza.

"Katikati ya uwanja. Ametoa kisu."

"Bado mbali."

"Kaka, anakuja. Hajasimama hata mara moja."

Machozi yakanitoka mbele yao. Nikamwambia wazi kwamba naogopa, kwamba sitaki kumzika, na kama atanichukia kwa kusema hivyo, anichukie. Hakucheka. Aliutazama mguu wake, akamtazama mkewe.

"Ita bodaboda," akasema.

Tulimpakia katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemshika kiuno. Wifi akafuata na pikipiki nyingine. Mwili wa kaka ulikuwa wa moto, lakini nilifurahi, nilifurahi kabisa, na yeye akaanza kumtania dereva kuhusu uendeshaji wake. Tulipofika sokoni nikasikia harufu ya nyama inayoungua, karibu mno. Nikainama. Mguu wake ulikuwa umeteleza kwenye kikanyagio, unyayo umelalia bomba la moshi, kitambaa kimetoboka kinafuka.

Yeye alikuwa amegeuza kichwa, anatafuta upande wa mabanda.

"Nani anachoma nyama saa hizi?" akaniuliza.