Bibi Harusi Aliyepanda Dume

Harufu ya petroli na magunia ya pamba ndiyo iliyonirudisha utotoni, na ndiyo iliyonipandisha hasira. Jumapili, uani kwetu Nyasura, binti yangu alikuwa ameshika hendeli, kile chuma cha kuwashia Landrova ya marehemu babu. Baba mdogo akampokonya mbele ya wageni.

"Msichana hapigi hendeli. Kwenye ukoo huu haijawahi kutokea."

Haijawahi? Jamani, hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

Ngoja niwaambie. Nikiwa darasa la sita tulikuwa na magari mawili. Landrova babu aliipata enzi za pamba: viti vigumu, milango inagonga kama mabati, inawashwa kwa kuzungusha hicho chuma pale mbele. Pijo ya baba mdogo ilikuja miaka mingi baadaye: ndefu, laini, inawashwa kwa ufunguo, na kaseti inaimba ndani. Babu alizungumziaga magari kama ng'ombe. Landrova aliiita Dume. Pijo aliiita Mtamba: "Mzuri wa macho, lakini anachaguaga malisho."

Asubuhi ya harusi ya shangazi, tukiwa bado nyumbani tunajiandaa kwenda kanisani Butiama, Pijo ikagoma na maua yake. Tik, basi. Baba mdogo akakimbilia Landrova, akakamata hendeli kwa ngumi nzima. Ikamrudi, ikampiga mkono, akakaa chini na suti yake. Shangazi akaanza kulia, poda inachirizika.

"Nyangeta," babu akaniita, "njoo umwamshe Dume."

"Huyu? Si ataumia, baba!"

"Aliyeumia ni wewe. Sogea."

Nilikuwaga na babu kila alfajiri akiiwasha. Gumba nikaliweka upande mmoja na vidole, nikavuta kwenda juu, kama unavyonyanyua ndama aliyekwama kwenye tope. Kikohozi. Nikavuta tena. Dume akaunguruma! Vigelegele vile, nadhani hata Nyamuswa walisikia. Shangazi alifika kanisani na vumbi kwenye shela, anacheka.

Nilidhani babu aliniita kwa sababu ya haraka. Sasa nimezaa ndiyo naelewa: aliniita mbele ya ukoo mzima makusudi, asije mtu akabisha.

Kwa hiyo juzi, kwenye kikao cha ukoo, nilisimama na mdogo wake binti yangu mgongoni nikatoa malalamiko rasmi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, namlalamikia baba mdogo kwa kumdanganya binti yangu mbele ya watu. Naomba mtoto arudishiwe hendeli leo hii. Shahidi wangu ni bibi harusi mwenyewe, yule pale, amekaa karibu na mlango."