Mkubwa wa Sufuria na Makamu Wake

Siku mwalimu wetu wa historia pale Arua alipotueleza jinsi Wamarekani wa kwanza walivyompata rais, darasa zima lilipiga kelele. Kila mpiga kura aliyeteuliwa aliandika majina mawili, bila kusema nani awe rais na nani makamu. Aliyeongoza akawa rais, aliyemfuata akawa makamu wake, hata kama hawapikiki chungu kimoja! Sisi nchi yetu ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, kura tukiisoma vitabuni tu. Nilishangaa, nikaipenda sheria ile, na likizo ilipofika nikaenda nayo nyumbani Koboko.

Nikakuta ugomvi wa sufuria. Akina mama wa mtaa walikuwa na sufuria kubwa za kupikia harusi na matanga, na mama aliyezitunza alikuwa amehama kumfuata mwanawe askari. Anayekaa na sufuria ndiye mkubwa: huitwa wa kwanza, huamua nani akate nyama na nani akae kwenye moshi. Mama yangu aliutaka ukubwa huo kwa moyo wote. Baba alikuwa kambi ya jeshi ya mbali, na huko alikwisha kuoa mwingine. Mtaani watu walikuwa wameanza kumpita mama bila salamu.

Alikuwa na rafiki mmoja wa chanda na pete, nikimwita mama mdogo. Upande wao walikubaliana waziwazi: mama awe mkubwa, mama mdogo awe makamu. Akina mama wa mtaani waliotoka kijiji cha Midia nao walikuwa na watu wao wawili. Mimi na ujuaji wangu nikasema, fanyeni kama Wamarekani. Kila mtu apewe maharagwe mawili, kila moja alitie bakuli tofauti. Bakuli nne, moja kwa kila anayegombea, tukaziweka nyuma ya pazia.

"Hii Wamarekani iko na akili," mama mdogo akacheka. "Basi tufanye."

Bibi mmoja mzee akamwaga maharagwe mkekani, akahesabu. Akahesabu tena. Ya Midia yalikuwa machache. Ya mama na ya mama mdogo yalikuwa sawasawa! Watu wetu walikuwa waaminifu kupita kiasi. Kila mmoja alitia moja kwa mama na moja kwa mama mdogo, na hakuna aliyekumbuka kumpunguzia makamu.

Tukacheka. Si jambo lilikuwa linajulikana? Mama akamgeukia rafiki yake, akangoja aseme tu kwamba mkubwa ni yeye.

Mama mdogo aliangalia mkeka. "Haragwe iko sawa," akasema. "Mimi hapana kataa kitu watu wamenipa."

Yarabi! Masikio yangu yaliwaka moto. Mtu aliyenibeba mgongoni! Bibi akaamua kwamba walioshindwa, wale wa Midia, wachague kati ya hao wawili. Wakaenda nyuma ya nyumba, wakabishana mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Wakarudi, wakamnyooshea kidole mama yangu.

"Huyu hasira yake tunajua," mmoja akasema. "Ile ingine hatujui tena."

Sufuria zikaletwa kwetu. Mama mdogo akawa makamu, na katika matanga yaliyofuata walisonga ugali wa posho sufuria moja bila kutazamana.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu akaendelea alipoachia. Akasema katika uchaguzi wao wa nne, watu wawili wa upande mmoja, aliyetakiwa awe rais na aliyetakiwa awe makamu, walipata kura sawa. Wa pili hakuachia. Wapinzani wao bungeni wakabaki ndio waamuzi, na mwishowe wa kwanza ndiye akapita. Baadaye wakabadilisha sheria, kila cheo kikawa na kura yake.

"Mbona hukutuambia mapema, mwalimu!" nikapayuka. Darasa likanicheka.

Likizo iliyofuata nilimsimulia mama jikoni, nikidhani itampoza kusikia kwamba hata mataifa makubwa yamekutwa na jambo hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Na ile makamu, walipatana?"

"Hapana, mama. Uchaguzi uliofuata rais alimwacha, akachukua mtu mwingine."

Nilidhani atafurahi. Mama akaketi pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, akimwita rafiki yake kwa jina.