Ngome Inakuja Kwenye Kompyuta

Siku Doris alipompigia simu, Evarist alikuwa chini ya mkokoteni, mgongo kwenye vumbi, anakaza nati za ekseli. Mwenye mkokoteni aliiona miguu ya fundi tu, na miguu ile ikaanza kurukaruka kama ya mbuzi anayefungwa kamba.

"Fundi, umeumia?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Evarist akatoka, uso umejaa grisi, meno yote nje. Akafungua mdomo aeleze, akaona ni habari ndefu, akaufunga.

"Habari njema tu," akasema, akarudi chini kukaza nati ambazo alikuwa ameshazikaza.

Ndivyo alivyo Evarist wa kijiji cha Nambis. Anakaribia miaka hamsini, anatengeneza plau na mikokoteni ya ng'ombe, na ukimpelekea plau iliyovunjika atakusikiliza mpaka mwisho, atatikisa kichwa, na jibu utalipata siku utakapoikuta imepona. Kanisani anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Msibani anapasua kuni, kwa sababu mtu anayepasua kuni haulizwi maswali. Mke hakuwahi kuoa. Watu wanasema alichelewa kufungua mdomo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumsikia akipiga kelele, naye ni Ignasi.

Ignasi alikuwa jirani yake kabla hajahamia Dirma, kule Hanang, kuwatafutia ng'ombe wake malisho. Alikuwa na mashine ya gemu aliyoachiwa na shemeji yake, pamoja na gemu moja basi. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, wao wakaliita Ngome. Kila mchezaji ana nchi yake: mashamba, mifugo, askari, na ngome yenye bendera juu. Unasogeza watu wako, ukimaliza unampa mwenzako zamu. Hakuna kukimbizana. Unaweza kuitazama ramani mpaka chai ipoe, na mwenzako haruhusiwi kufanya lolote isipokuwa kukutukana.

Na walitukanana hasa. Kila Jumapili baada ya misa, yule yule wa benchi la nyuma alisimama katikati ya sebule ya Ignasi na kunguruma, "Umekwisha! Leo unakwenda kulala kwa wakwe zako!"

"Daraja langu huvuki," Ignasi alimjibu. "Labda uote mabawa, kuku wewe."

Ignasi alijaza askari wake wote ndani ya ngome moja, akaizungushia ukuta, na ukuta mwingine juu yake. Evarist alicheza kama watu wa kwao wanavyofuga. Ng'ombe wako huwalazi wote kwenye zizi moja. Wengine unampa rafiki wa Bashay, wengine shemeji, wengine wanashuka uwandani Hanang, ili ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki. Basi askari wake nao aliwatawanya, hawa msituni, hawa nyuma ya kilima. Ignasi akivunja lango la ngome kwa jasho jingi, anakuta bendera na mpishi.

Halafu ikaja mvua moja kubwa, radi ikapiga, mashine ikatoa moshi. Mashine za aina ile zilikuwa zimeacha kutengenezwa, na Ngome halikuchezeka kwenye kitu kingine chochote. Mwaka huohuo Ignasi akahama.

Urafiki ukabaki kwenye simu, na simu haikuumbwa kwa ajili ya watu kama wale. Evarist ana ng'ombe wanaolishwa kwa Ignasi, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa haya:

"Ng'ombe?"

"Wapo."

"Mvua?"

"Kidogo."

"Haya."

"Haya."

Kisha kila mmoja anabaki na simu mkononi, maneno yamejaa kifuani, hayatoki. Na mwaka huu Ignasi alikuwa anapiga kwa nadra kuliko mwaka jana. Evarist aliliona hilo, likamkaa moyoni, hakumwambia mtu.

Sasa huyo Doris ni binti wa Ignasi, anafanya kazi Arusha. Aliyoyasema siku ile ya mkokoteni yalikuwa haya:

"Shikamoo baba mdogo. Lile gemu lenu, Ngome, Jumamosi linatoka toleo lake la kompyuta! Na safari hii mnaweza kucheza mkiwa mbalimbali. Baba atakwenda Katesh kwa rafiki yangu Irene, ana kompyuta. Nimeshawanunulia wote wawili. Wewe tafuta kompyuta huko kwako. Baba mdogo? Upo?"

Alikuwepo, ila miguu ndiyo iliyokuwa inajibu.

Wiki ile Evarist hakuwa mtu wa kawaida. Alichora mito na milima kwa msumari kwenye vumbi la karakana, akaweka nati kuwa askari, akawasogeza huku anacheka peke yake. Wateja wakadhani amepata shamba. Alilala akiwaza daraja, akaamka akiwaza daraja.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Pale senta kulikuwa na moja tu ya kuaminika, kwenye duka la Gaudensia la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Gaudensia ni mjane, mchapakazi, na ulimi wake hauna breki. Kila mteja akiondoka anaifuta kibodi kwa kitambaa. Sasa umwombe mtu wa namna hiyo kompyuta yake, uchezee gemu, na vidole vyako vina grisi tangu ujana?

Evarist akapita mbele ya duka, akarudi. Akaingia, akanunua kalamu. Kesho yake akaingia tena, akanunua kalamu nyingine.

"Fundi, unaandika barua kwa rais?" Gaudensia akamuuliza.

Akatoka mbio.

Ndipo akafanya kama wanavyofanya watu wa kwao wakiwa na ombi zito: akamtuma mtu mzima. Akamwendea mzee Bura, jirani yake, msemaji wa koo nzima. Akamweleza yote, gemu, Jumamosi, kompyuta, na akampa kibuyu cha asali asiende mikono mitupu.

"Niachie mimi," akasema mzee Bura, akachukua fimbo yake nzuri.

Alirudi mchana, kibuyu bado kimejaa.

"Amekataa."

Moyo wa Evarist ukashuka mpaka kwenye ndala. "Amekataa kutoa kompyuta?"

"Kwenye kompyuta sikufika. Amekataa kuolewa."

"Kuolewa na nani?"

"Na wewe."

Ikabidi mzee Bura aeleze. Alianza kwa heshima, kama inavyotakiwa. Aliiombea nyumba ile mvua, akaiombea ng'ombe na uzao. Kisha akamtaja aliyemtuma: mtu mpole, hanywi, mikono yake ina kazi. Alikuwa ndiyo kwanza anakohoa ili aingie kwenye shauri lenyewe, Gaudensia akasimama na kusema, "Mzee, nakuheshimu sana, ila ishia hapo. Mume nilikuwa naye, alinitosha."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambieje? Mwanamke ameshakataa, nibaki nabishana naye? Mimi nina adabu zangu."

Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Nimefika Katesh," akasema Ignasi. "Nimetoka Dirma alfajiri. Nimekaa mbele ya kompyuta. Wewe je?"

Evarist alikuwa amekaa juu ya tairi. "Mimi..."

"Evarist, nimevaa koti la Krismasi."

Mtu ameshuka kwenye pikipiki, amejaa vumbi, amevaa koti la Krismasi kwa ajili ya Ngome. Ukimwambia leo haiwezekani atasema "haya", atakata simu, na Evarist alijua kwamba baada ya "haya" hiyo hazingefuata simu nyingi.

"Nakuja," akasema.

Akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma. Akaenda.

Duka lilikuwa limejaa akina mama wanaosubiri kopi. Alipoingia wakatazamana. Habari ya mzee Bura ilikuwa imeshazunguka senta yote.

"Fundi," akasema Gaudensia bila kuinua kichwa, "nilidhani nimejibu."

Kicheko. Evarist akageukia mlango atoke. Akaliona akilini lile koti la Ignasi. Akarudi.

"Sitaki kukuoa!"

Ile sauti ilitoka kama ilivyokuwa ikitoka sebuleni kwa Ignasi, na mama mmoja akaangusha karatasi zake.

"Eh!" Gaudensia akashika kiuno. "Kwani mimi nina kasoro gani?"

"Huna kasoro, dada Gaudensia. Nataka kompyuta."

Basi maneno yakafunguka. Akamweleza ngome na daraja, radi na moshi, Ignasi alivyohama, simu za ng'ombe na mvua, na koti la Krismasi linalosubiri Katesh. Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi kile mbele ya watu tangu abatizwe. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtoka.

Gaudensia alikuwa amekunja mikono. "Yaani yule mzee alikuja na fimbo na asali, akaniombea mpaka uzao, kwa ajili ya kompyuta?"

"Ndiyo."

"Na asali nikairudisha!" Akacheka mpaka akashika meza. "Utaileta. Kuolewa sitaki, lakini kompyuta kaa. Vidole nivione kwanza."

Doris akamwelekeza Gaudensia kwa simu la kufanya. Wakasubiri gemu lipakuliwe, na wale akina mama, wenye kopi zao tayari mkononi, hawakuondoka. Hatimaye kioo kikawa cheusi, wimbo ukaanza.

Ulikuwa wimbo uleule! Evarist akashika kifua. Mito ileile, msitu uleule, bendera inapepea. Kipanya kilimteleza kama sabuni, askari wake wa kwanza akaingia mtoni, lakini nani alijali?

Simu ikawekwa mezani, sauti juu.

"Ng'ombe?" Evarist akauliza kwa mazoea.

"Achana na ng'ombe!" Ignasi akapaza sauti kutoka Katesh. "Linda ngome yako, leo huponi!"

"Njoo! Njoo na koti lako!"

Wakacheza mpaka jua likasimama utosini. Gaudensia alikuwa anahudumia wateja kwa mkono mmoja, macho yakiwa kwenye kioo. Ignasi akavuka daraja na jeshi lake lote, akavunja lango.

"Hamna mtu humu! Umewaficha wapi, mwizi wewe?"

Evarist akatabasamu tu.

"Fundi, usimwambie," Gaudensia akanong'ona kwa sauti iliyosikika duka zima, "kama wako msituni."

Kwenye simu kikasikika kicheko cha Ignasi.

"Asante, shemeji!"

"Dada Gaudensia!" Evarist akasimama, mikono kichwani, ananguruma. "Umeniuza! Umeniuza mchana kweupe!"

Nje barabarani mzee Bura alikuwa anapita akitoka mnadani. Akasimama, akaegemea fimbo yake nzuri, akasikiliza ni mwanaume gani huyo anayefoka kwa furaha dukani kwa Gaudensia. Hakuitambua sauti.