Mawe Madogo Juu ya Kaburi la Mke Wangu

Siku hizi nikisinzia kitini, hapa mjini Euless, ughaibuni, mngurumo wa ndege zinazoshuka hunichukua polepole, na ninamwona marehemu mke wangu akitoka tena Ijumaa, sufuria ya sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, mikononi, anakwenda kula kwa Wayahudi.

Rabi wao alikuwa mwanamke. Yeye na mke wangu walijuana kwenye mikutano ya wapangaji, ambako Wayahudi wale, Waislamu na watu wa kanisa letu la Wakongomani walikaa pamoja kumbana mwenye nyumba aondoe ukungu kutani. Mimi sikwenda, si mikutanoni wala kwenye sala na chakula chao cha Ijumaa. Nilisema mzee wa kanisa haketi kwenye sala ya mwanamke asiyemjua Yesu.

"Basi baki na Yesu wako na ugali wa jana," mke wangu alinijibu, akatoka akicheka.

Alipofariki, nilizoea kwenda kaburini asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande. Siku moja nikakuta mawe madogo matatu yamepangwa juu ya kaburi. Kwetu, kitu kilichowekwa kaburini kwa siri hakileti heri. Niliyatupa. Juma lililofuata yakawepo mengine. Nikaja mapema zaidi, nikakaa ndani ya gari, na kama katika ndoto nikamwona rabi akitembea taratibu kati ya makaburi, akainama, akaweka jiwe.

Nilimpigia kelele. Nilimwita mchawi. Yeye alinitazama tu, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na mke wangu, "Pole, Mzee."

Jumapili nilisimama kanisani nikasema rabi yule ni mchawi, nikakataza watu kumkaribia. Walinisikiliza. Mikutano nayo ikakosa watu wetu.

Karibu mwaka ulipita kabla sijamsimulia binti yangu, asiyesali kwetu, nilichokiona kule makaburini.

"Mawe? Baba, hiyo ni desturi yao! Maua yananyauka, jiwe linabaki. Ni kusema, nilikuja, sijakusahau."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe unahukumu kwanza."

Nilikwenda sinagogi, binti yangu akitafsiri. Mwanga wa dirisha la rangi ulimwangukia rabi begani, na kwa kitambo nilisahau maneno niliyoyaandaa. Nikasema tu kwamba nilikosa.

"Kwa upande wangu nimekusamehe," alisema. "Lakini hukuniita mchawi mbele yangu peke yangu. Sisi tunaamini kosa hutengenezwa pale pale lilipotendwa, mbele ya waliolisikia."

Nilitamani aishie kwenye msamaha. Juma zima nilijiambia kwamba Mungu ameshasikia, inatosha. Haikutosha.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama.

"Yesu asifiwe!"

"Amina!" Walidhani nashuhudia kupona mgongo wangu unaoniuma siku zote.

Nikawaeleza yote, mawe, kelele zangu, uongo niliowapa nikiuita ulinzi. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mchanga, mpangaji katika jengo letu, akainuka.

"Kwa hiyo, Mzee, mwaka mzima sikwenda mkutanoni kwa ajili ya neno lako? Ukungu uko ukutani kwangu, mtoto anakohoa, nami nangoja, eti naogopa uchawi?"

"Ndiyo, mama. Kwa ajili yangu."

Hakuna aliyesema amina.

"Basi Jumanne unipeleke mkutanoni wewe mwenyewe. Na uingie ndani, usiningoje kwenye gari."

Nilisema nitampeleka, nitaingia. Alikuwa ameshaketi, anamfuta mtoto pua.