Niliifuata kompyuta hadi Ikwiriri nikidhani wazazi wangu wamo ndani yake

Salaam wakuu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Atakayecheka acheke, hata mimi siku hizi nacheka.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu watatu. Kwetu ni huku delta ya Rufiji, tunalima mpunga. Msimu ukifika tunahamia dungu, kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba. Kila kitu cha thamani tunapanda nacho.

Sanduku la vyeti nalo lilikuwa linapanda.

Siku moja nikaenda Kibiti kwa Mama Nuru, mwenye stationery. Aka-scan vyeti vya vifo vya baba na mama, na picha pekee ya mama tuliyokuwa nayo. Akanifungulia email, akavihifadhi humo, akaniandikia anwani yake na password kwenye karatasi.

"Itunze. Bila hii hufungui."

Mimi nikaelewa kuwa ile karatasi ni ufunguo wa desktop yake, kama ufunguo wa kabati.

Basi kila nikienda Kibiti napita pale. Nikiikuta imezimwa naona uso wangu kwenye kioo cheusi, na nyuma ya uso wangu naona kama wao wamekaa, wametulia, mahali pasipofika maji.

"Umekuja kuwaamkia wazee?" Mama Nuru ananitania.

"Nimeshawaamkia. Hawajambo."

Mwaka mmoja maji yakaja kwa kasi, yakabeba sanduku. Wadogo zangu walilia. Mimi sikulia, nilijua wako Kibiti.

Kisha kitinda mimba wetu, Shabani, akafaulu. Kuomba mkopo wa chuo, yatima alitakiwa kuambatanisha vyeti vya vifo. Zilibaki siku mbili.

Nikafika Kibiti, duka limefungwa. Mama Nuru kahamia kusini, simu haipatikani. Jirani yake akaniambia kompyuta kaiuza Ikwiriri, kwa fundi mmoja anaitwa Seif.

Nikapanda basi. Njia nzima mashamba ya ufuta yanapita dirishani, mimi nawaza tu: wamesafirishwaje, walifunikwa?

Kwa Seif niliitambua kabla sijasalimia. Ilikuwa sakafuni, imefunguliwa ubavu.

"Hiyo nimeshaipiga format," Seif akasema. "Haina kitu."

Nikakaa chini, wakuu. Kwa mara ya kwanza nilihisi nimefiwa kweli.

Nikafungua pindo la khanga, nikampa karatasi. "Na ufunguo ninao."

Akaisoma, akaniangalia. "Dada, unatafuta kompyuta au vyeti?"

"Si kitu kimoja?"

Akageukia desktop nyingine, ambayo sijawahi kuiona maishani, akaandika yale maneno ya kwenye karatasi. Tukasubiri, network ya kusuasua.

Picha ikashuka polepole kutoka juu. Kwanza mtandio, halafu paji la uso, halafu macho.

"Nani huyu?"

"Mama."

Seif akapunguza sauti ya redio.

Vyeti navyo vikafunguka. Tukaprint, Shabani akawahi.

Nilichojifunza: hawakuwahi kukaa Kibiti. Faili likiwa mtandaoni, mashine ni dirisha tu. Linda password, kompyuta iache iende zake.

Lakini nikiingia ofisi yoyote na kukuta desktop mezani, bado naipa salamu kimoyomoyo.

Je, ni mimi peke yangu? Semeni, nawasoma.